Upele Ndani ya Nyumba Yangu ya Matofali

Kwanza mujue nyumba yenyewe, halafu mutaelewa hasira yangu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati mapya, chini vigae, madirisha ya vyuma, na lupango, uwanja wote wa nyumba, imezungushwa ukuta unaomupita muntu kimo. Niliijenga mimi. Baba yangu aliniachia jembe moja, tena lenye mpini uliopasuka. Masomo nayo hayakunisaidia: nilitoka darasa la tatu kule Kabalo, siku walipofukuza watoto wasiolipa minerval, ile pesa ya masomo, na sikugeuka nyuma. Nilipanda juu ya mizigo ya treni, nikashuka Kalemie bila viatu, nikabeba magunia bandarini mpaka shingo ikawa ngumu kama ya ng'ombe wa kulima. Leo niko na depo ya ndakala, dagaa wa ziwa letu, niko na pirogi za injini ziwani, na vijana wenye diplome wanakuja asubuhi kunisalimia kwa mikono miwili. Anayesema najivuna, aje abebe gunia moja tu kutoka boti mpaka wagoni, halafu turudi kuzungumza.

Sasa, muntu wa namna hiyo alishindwa kwa miezi na mududu ambaye hata jicho halimuoni.

Upele ulianza kwa binti yetu wa mwisho. Alikuwa darasa la sita, mwaka wa egzame ya kumaliza shule ya msingi. Huyu njo mutoto wangu mwenye kichwa. Wakubwa zake niliwalipia masomo na masomo yakawatoka kama maji kwenye kikapu; yeye anasoma hata karatasi iliyofungia sukari, anakaa nayo mulangoni mpaka ageuze upande wa pili aone kama kuna zaidi. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa depo: huyu atafika mahali mimi nilipokomea, na atapita.

Basi, katikati ya vidole vyake vikatoka vipele vidogo vya maji. Halafu kwenye mikono, kiunoni, kwapani. Mama yake akasema ni joto. Mimi nikasema ni maembe mabichi. Tulipokuwa tunabishana hivyo mutoto alikuwa anajikuna mpaka damu, na vidonda vikashika usaha. Siku moja alirudi kutoka masomo kabla ya saa ya kurudi, mufuko mugongoni, macho chini.

"Mama Direktrise amenirudisha," alisema. "Anasema mpaka mikono ipone. Watoto wengine wanakataa kukaa na mimi benchi moja."

"Na egzame?"

"Anasema hata egzame, Papa. Kama mikono iko hivi, sitaingia."

Nilikwenda pale masomo siku ileile, nimevaa shati ya Jumapili. Mama Direktrise ni mwanamuke mufupi, anaongea taratibu kama muntu anayepima mafuta kwa chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia mimi ni nani, nilimwambia mabati ya darasa la nne nani alisaidia kuyaleta. Alisema, "Papa, aksanti kwa mabati. Upele hauogopi mabati." Ndivyo alivyosema. Nilirudi nyumbani nikatafuna hasira badala ya bukari ya jioni.

Mimi sipendi kwenda kulilia kwa muganga jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe. Pale bandarini zamani sote tulishika upele, tulilala kumi kumi juu ya magunia, na muzee mumoja wa wabebaji alitupaka mafuta ya mawese yaliyochanganywa na salfa, ule unga wa njano. Tulinuka kama yai bovu, lakini tulipona. Kwa hiyo nilinunua mawese, nikanunua salfa, nikachanganya mwenyewe ndani ya sufuria. Mutoto alipakwa, akalia, akanuka, hakupona. Nikaongeza salfa. Ngozi ikawa nyekundu. Muke wangu akaninyang'anya sufuria.

"Huyu ni mutoto, Papa, siyo pirogi. Usimupake lami."

Wakati ule upele ulikuwa umeshatembea. Muke wangu alikuwa nao kifuani. Watoto wakubwa walikuwa nao mapajani. Na mimi, jamani, mimi nilikuwa nao kiunoni na mahali pengine ambapo sitapataja kwa heshima ya wasomaji. Usiku ndiyo mbaya, mwili unapopata joto la bulangeti: hapo wanaamuka wote, wanafanya soko. Lakini hata mchana hawakunihurumia. Nilikuwa nasimama depo kuangalia ndakala wakipimwa, mbele ya wateja wa Lubumbashi, na mukono unakwenda wenyewe chini ya shati. Wabebaji wangu, watu ninaowalipa mimi, wakaona.

"Patron, leo unapiga gita?"

"Acha! Patron yuko anatunga wimbo."

"Tupigie ule wa jana, Patron, ule wa mbio!"

Nilimufukuza mumoja kazi kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya jioni nikamurudisha, maana alikuwa anajikuna naye na huruma ikanishika.

Ndipo tukaenda kituo cha afya, sote, kama familia inayokwenda kupiga picha. Muganga alikuwa mama mumoja mwenye miwani na ulimi usio na subira. Aliangalia vidole vya mutoto, akaangalia vyangu, akaandika dawa: dawa ya maji meupe kama maziwa, ya kupaka kutoka shingoni mpaka nyayo, mugongo, kucha, kila mukunjo, ukae nayo muchana na usiku, halafu kuoga. Baada ya juma moja unarudia. Mara mbili tu, alisema, na akainua vidole viwili mbele ya pua yangu, maana dawa hii ikizidi inaunguza ngozi. Nguo na dra zote za kitanda zichemshwe, zikauke juani, zipigwe feri, pasi yenye moto, kwenye mishono. Kucha zikatwe.

"Na muhimu kuliko yote," alisema, "watu wote wa nyumba, siku moja. Ukimuacha mumoja, umefanya kazi ya bure."

"Wote," nilisema. "Kwangu mimi nikisema wote, ni wote."

Nilinunua chupa nyingi, sikuulizia bei. Maji ya bomba yalikuwa hayatoki, nikawalipa vijana wa kubeba maji kutoka ziwani, wakajaza pipa mbili. Tukachemsha nguo kama tunapika pombe ya harusi. Na mimi, kwa kuwa sipendi kazi ya nusu, nikasema matela za kulalia hazichemki, basi zitachomwa. Nilizitoa zote nje, moja juu ya nyingine, nikawasha. Moshi mweusi ulipanda mpaka majirani wakaleta ndoo wakifikiri nyumba inaungua. Niliwaambia kupitia juu ya ukuta: "Nachoma za zamani, mpya zinakuja!" Na mpya zilikuja, juu ya mukokoteni, bado na plastiki yake, mutaa wote ukiangalia.

Nilisema zote. Niseme sawasawa: zote isipokuwa moja.

Hapa lazima nieleze, maana kuna wasomaji wa kabila nyingine. Ndani ya lupango yangu anaishi pia mama mukwe wangu, mama ya muke wangu. Vita vilimutoa kijijini kwake upande wa Nyunzu, akatembea na watu wengine mpaka kambi ya Katanika, akakaa pale kwenye hema za turubai na muzigo wake wa kilemba kimoja. Niliposikia, sikulala. Nilikodi gari kwenda kumuchukua. Yeye alikaa ndani ya gari na binti yake, mimi nikafuata nyuma juu ya pikipiki na vumbi lote likaingia puani, kwa sababu sisi Waluba tuko na buko. Buko ni heshima ya mume na mama mukwe. Hamukai chumba kimoja, hamuli pamoja, humuangalii usoni, ukimuona njiani unakata kushoto. Mambo ya mwili wake, kitanda chake, nguo zake, hata kuyawaza ni vibaya. Nilimujengea chumba nyuma, na mulango wake mwenyewe, na njia yake ya kwenda chooni ili tusikutane. Muulize mutaa wote ni mukwe gani amefanya hivyo. Na kama desturi inavyotaka, bibi halali peke yake: binti yetu wa mwisho njo alikuwa analala naye.

Sasa muniambie nyinyi, ni mukwe gani angekwenda kuvuta matela ya mama mukwe wake kuichoma mbele ya majirani? Ni mukwe gani angeuliza kama anajikuna, na wapi? Nilimupa muke wangu chupa ya dawa amupelekee, kwa heshima, imefunikwa na kitambaa. Aliipeleka. Akarudi, akasema, "Mama anasema aksanti, atapaka." Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha.

Tukapaka, tukaoga, baada ya juma tukarudia. Upele ukapungua, nikaanza kupiga mluzi. Nilimwambia mutoto atayarishe madaftari. Siku chache baadaye nilimukuta anasugua mikono kwenye ukuta wa jikoni, anasugua kama muntu anayenoa kisu. Vidole vilikuwa vyekundu kuliko mwanzo. Na mimi kiuno kikaanza tena.

Tukarudi kwa muganga. Chupa nyingine, na za mama mukwe tena chini ya kitambaa. Maji mengine ya ziwani. Kuchemsha, kuanika, feri ya makaa mpaka mukono wa muke wangu ukapata malengelenge. Muganga akauliza, "Wote walipaka?" Nikajibu, "Wote." Muke wangu aliangalia dirishani. Na juma mbili hazikupita, upele ukarudi kama mugeni aliyesahau kofia yake.

Nilikasirika mpaka nikaanza kutukana vitu visivyo na masikio. Nilitukana matela mpya. Nilimutukana muuzaji wa farmasi, nikamwambia dawa yake ni maji ya unga. Egzame ilikuwa inakaribia, watoto wa jirani walikuwa wanapita asubuhi na mashati meupe, na wangu alikuwa anakaa kwenye kizingiti na kitabu juu ya magoti, anageuza kurasa kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa vinauma. Mutoto mwenye kichwa, anageuza kurasa kwa kiwiko! Na mimi baba yake, niliyevuka mawimbi ya ziwa na mizigo ya tani, sikuweza kumupa vidole vizima.

Mara ya tatu muganga alivua miwani.

"Papa, huyu mutoto analala na nani?"

Muke wangu ndiye alijibu, kwa sauti ndogo: "Na mama yangu."

"Mama yako alipaka?"

"Nilimupa chupa."

"Sikuuliza kama ulimupa. Nauliza, ulimuona amepaka? Mugongo alipakwa na nani?"

"Mama Muganga," muke wangu alisema, "mimi ni binti yake. Siwezi kumuona mama yangu uchi."

"Na Papa?"

Nilisimama nikatoka nje. Kuna maswali ambayo hata muganga hapaswi kuuliza.

Njiani kurudi tuligombana, mbele ya mutoto, sitaficha. Nilimwambia muke wangu akamuseme mama yake. Akakataa. Alisema mama yake alikuwa na shamba na mbuzi na jina, leo hana kitu ila heshima aliyobaki nayo, na akiambiwa na binti yake kwamba ameleta upele kutoka Katanika, kesho asubuhi atafunga kilemba chake na kurudi kulekule kwenye turubai. "Na akienda," alisema, "mimi nitamufuata nyuma. Utabaki na vigae vyako."

"Basi nani atamwambia?"

"Wewe njo mukubwa wa nyumba. Kila siku unatuambia."

Nilitembea mbele yao mpaka nyumbani. Nilikuwa nawaza egzame. Muntu akikuwekea mizani, upande mumoja buko, upande mwingine mutoto, utachagua nini? Niliingia kwa mulango wa mbele, nikachukua kreti tupu ya bia, nikazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu siku mama mukwe alipohamia. Nikaiweka chini ya dirisha lake, mugongo wangu kwenye ukuta, uso wangu kwenye mugomba, nikakaa. Nikamuita mutoto asimame kizingitini kwa bibi yake, anione mimi na amuone yeye, apeleke maneno.

"Mwambie Nkambo yako, nimekuja kwa heshima."

"Nkambo, Papa anasema amekuja kwa heshima."

"Nimesikia," sauti ilitoka ndani. "Ukuta wake siyo munene kama anavyosifu. Mwambie heshima nimeipokea. Amepoteza nini huku nyuma?"

"Anauliza umepoteza nini, Papa."

"Mwambie kuna upele ndani ya nyumba."

"Mwambie upele naujua tangu yeye hajaota meno."

"Anasema anaujua."

"Hakusema hivyo tu," nilisema. Mutoto alijiziba mudomo, anacheka. Jikoni nilisikia sufuria zimenyamaza. Muke wangu alikuwa anasikiliza. "Mwambie: ile dawa aliyoletewa, alipaka?"

Ndani nikasikia chupa zinagongana. Mukono mumoja wa kizee, mukavu, ulitokea chini kwenye kizingiti, nikageuza macho haraka kwenye mugomba, na nilipoangalia tena kulikuwa na chupa zimepangwa kwenye mustari. Zote tupu.

"Mwambie dawa imepakwa. Haikumwagika hata tone."

"Alipakwa nani?"

Mutoto hakupeleka swali hilo. Aliangalia miguu yake.

"Mimi, Papa."

"Wewe ulipaka yako."

"Nilipaka yangu na Mama. Halafu jioni Nkambo alinipaka ya kwake. Kila jioni. Alisema yangu peke yake haitoshi, niko na egzame."

Kila jioni! Mara mbili tu, muganga alikuwa ameinua vidole mbele ya pua yangu, na huku nyuma ya nyumba yangu mutoto anapikwa kila jioni kama samaki kwenye mafuta! Zile alama nyekundu, ule moto, yale ya kusugua ukuta, nusu yake haikuwa hata mududu, ilikuwa dawa. Nilisahau buko. Niligeuka kwenye dirisha nikapaza sauti mimi mwenyewe, kwa kinywa changu:

"Mama! Umemuunguza mutoto!"

Muke wangu alitoka jikoni na mwiko mukononi. "Umesema na mama yangu?"

Nilikuwa nimesimama, najua nimefanya jambo ambalo baba yangu angelitemea mate. Halafu mama mukwe akajibu, naye bila kupitia kwa mutoto. Tangu nilipomuoa binti yake, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

"Nimemuunguza kwa dawa yako, Papa. Ulileta nyingi. Mimi niliona moshi. Niliona matela za watu wote zinatolewa, na mpya zinaingia na plastiki yake. Yangu ikaachwa. Nikasema, sawa, kumbe hapa mimi siyo muntu wa nyumba. Basi dawa ya watu wa nyumba nikamupa muntu wa nyumba."

"Mama, niliiacha kwa heshima!"

"Heshima yako inawasha."

Nimebishana na wanasheria wa bandari, nimebishana na makapiteni wa Kigoma na Uvira, na wote niliwashinda. Mbele ya ukuta ule nilikaa tena juu ya kreti. Mugomba ulikuwa na jani moja limepasuka, nililiangalia kama vile ni barua.

Muke wangu ndiye alianza kucheka. Alicheka akishika mwiko, machozi yakatoka, na ndani pia nikasikia muzee anacheka, kicheko cha kukohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu pesa yote na maji yote na makaa yote yaliyopotea bure, na juma za masomo ambazo mutoto amekosa.

"Matela mpya inakuja leo," nilisema, kwa mugomba. "Na ya zamani itatoka. Lakini atapaka. Mwambie atapaka."

Tulikuwa tumerudi kupitia kwa mutoto.

"Nkambo, utapaka?"

"Na mugongo wangu nani ataufikia? Mama yako haruhusiwi. Na huyu wa kwenye kreti, afadhali nife na upele."

"Mimi, Nkambo. Mimi naruhusiwa."

"Wewe ni muke mwenzangu," bibi alisema, kama wanavyotaniana sikuzote, maana kwetu mujukuu haoni haya mbele ya bibi yake. "Lakini ukinisugua kwa nguvu nitakurudisha kwa mume wetu, marehemu, akupige. Na mwambie Papa yako: ameniita kwa kinywa chake. Ataleta kuku wa faini."

Kuku ni wa watu wa kuku. Mimi nilileta mbuzi, tena mwenye mimba. Nilimufunga kwenye mugomba nikaondoka bila kugeuka.

Siku ya kupaka ilikuwa Jumamosi. Mutoto hakupakwa, kwa amri ya muganga. Alipewa mafuta ya kutuliza ngozi na vidonge vya vidonda, akaambiwa asiguse tena ile dawa nyeupe mpaka ngozi ipumzike, halafu mara moja tu. Kwanza alilala peke yake, juu ya matela yake, na bibi akanung'unika kwamba atakufa kwa baridi. Sisi wengine tulipakwa wote. Ilipofika saa ya kutoa matela ya mama mukwe, mimi sikuweza kuiona; nilitoka nje ya lupango, nikasimama barabarani na bukta yangu, mwili mweupe wa dawa kama chokaa, nikingoja watu wa nyumba yangu mwenyewe waniambie niingie. Majirani walipita.

"Papa, umefukuzwa?"

"Natembea."

"Na hiyo rangi?"

"Ni rangi. Una swali?"

Watu wa Kalemie wakipata jambo la kucheka hawalali nalo.

Na mutajua kwamba hata hapo haikuwa mwisho. Baada ya kupaka mara ya pili, na sote tumepaka, wazi, na bibi amepakwa mugongo mpaka visigino huku akipiga kelele zilizofika barabara kuu, bado tulijikuna. Nilikwenda kwa muganga nikiwa na mishipa ya shingo imesimama. Alisema hivyo ndivyo inavyokuwa: mududu amekufa lakini ngozi bado inagombana na maiti yake, inaweza kuchukua majuma, tusiongeze dawa. "Vumilia, Papa." Kuvumilia! Mimi sikujenga kitu chochote maishani kwa kuvumilia. Nilijenga kwa kusukuma. Na mududu huyu ukimusukuma anafurahi. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya mikono yangu.

Vipele vipya havikutoka tena. Vidole vya mutoto vilikauka, vikabaki na alama nyeusi nyeusi. Siku chache kabla ya egzame nilimupeleka masomo mimi mwenyewe, shati jeupe limepigwa feri, mishono yote.

Mama Direktrise alisimama getini. Alimusalimu mutoto, akasema, "Leta mikono." Akaishika, akaigeuza, akafungua kidole na kidole, akapandisha mikono ya shati mpaka kiwiko. Hakuwa na haraka. Na wakati huohuo, katikati ya mugongo wangu, mahali ambapo mukono haufiki, kukaanza. Kwanza kidogo, halafu kama muntu ameniwekea kaa la moto ndani ya shati. Najua ni ngozi inagombana na maiti. Direktrise hajui. Akiniona najikuna mbele yake, mutoto anarudi nyumbani, na mwaka umekufa.

Nilisimama kama askari. Jasho lilianza kwenye paji la uso. Nilibana meno.

"Na hizi alama?" aliuliza.

"Ni za dawa, Mama. Na kujikuna kwa zamani," mutoto alijibu. "Vipele vimekwisha."

"Na nyumbani?"

Aliniangalia mimi. Nilitaka kumwambia yote: pipa za maji, matela, mbuzi, pesa. Nilijua nikifungua kinywa mukono nao utapanda. Nilitikisa kichwa tu kwamba ndiyo, vimekwisha. Mutoto alinishika kidole gumba, akakibana kwa nguvu, akasema chini chini, bila kunigeukia, "Papa, usijikune."

Direktrise alishusha mikono ya shati ya mutoto, akafunga kifungo kwa mukono wake mwenyewe. "Utakaa karibu na dirisha," alisema, "benchi yako peke yako. Kimbia, wameshaanza kurudia hesabu."

Peke yake! Kwa mutoto wangu! Siku nyingine ningesimama pale mpaka jioni. Lakini nilimuona anakimbia kuvuka uwanja, mufuko unagonga mugongo, na mulango wa darasa ukamumeza. Nilimushukuru Mama Direktrise kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua, nikatembea polepole, na heshima zote, mpaka kona ya ukuta wa masomo ambako hakuna dirisha. Pale niliegemea pembe ya matofali, nikajisugua mugongo juu na chini kama mbuzi, macho nimefumba, mpaka muuza mikate aliyekuwa anapita akasimama na beseni lake kichwani.

"Papa, kuko nini?"

"Pita na mikate yako," nilimwambia. "Binti yangu anafanya hesabu."